Pedeli ya breki ya IST yangu bado inazama baada ya kutoa upepo mara tatu. Nikate ABS?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kongwa, natumia Toyota IST, mbele diski, nyuma dram. Mwezi uliopita nikitoka Dodoma mjini, nilipokaribia njia panda ya Mbande, mpira wa breki wa tairi la mbele kushoto ulipasuka. Pedeli ilizama, nikasimama kwa shida kwa kusaidiana na hendibreki. Fundi wa hapa alifunga mpira mpya, akafungua kalipa zote mbili za mbele, zile zinazobana diski, akazisafisha, akatoa upepo kwenye mabomba ya breki ya matairi ya mbele. Pedeli bado inakwenda chini. Nikipampu mara mbili tatu inapanda, nikiiacha kidogo inarudi kulekule. Katoa upepo mara tatu sasa. Halafu taa ya ABS, ule mfumo wa kuzuia matairi yasijifunge, inawaka, na zamani haikuwa inawaka. Fundi wa pili anasema ABS imekufa na ndiyo inayoficha upepo, kwa hiyo akate mabomba yatoke masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedeli, moja kwa moja hadi kwenye matairi. Wa tatu anasema ninunue masta silinda. Nimsikilize nani?

Jibu: Mwalimu, usikate bomba lolote, na masta silinda usinunue kwanza. Kwa maelezo yako upepo una sehemu mbili za kujificha ambazo hakuna fundi hata mmoja kati ya hao aliyezigusa, na zote mbili zinakaguliwa bila kununua kitu. Taa ya ABS ina kesi yake ya pembeni. Lakini naanza na hilo la kukata mabomba, maana katika yote uliyoandika ndilo linaloweza kuua mtu.

Ukifunga breki kwa nguvu, uzito wa gari unahamia mbele na nyuma panakuwa pepesi. Matairi ya nyuma yakipewa nguvu sawa na ya mbele yanajifunga mapema, na gari lililofunga matairi ya nyuma halinyooki tena, linageuka mkia mbele. Magari ya zamani yalikuwa na valvu maalumu ya kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Kwenye magari yenye ABS ya rika la IST kazi hiyo imehamishiwa kwenye pampu ya ABS: kompyuta yake inasoma mwendo wa kila tairi na kuzuia mafuta ya breki ya nyuma yasizidi. Kwa hiyo ukikata mabomba ukaunganisha moja kwa moja, hujaondoa tu ule uwezo wa kuzuia matairi kujifunga, umeondoa na mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma. Siku ya jua, mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hutaona tofauti yoyote, na fundi atakuonyesha kwamba gari linasimama vizuri. Tofauti utaiona mvua za Desemba zikianza, lami ya Kibaigwa ina tope, na lori la mahindi limesimama ghafla mbele yako.

Wala hakuna faida. Pampu ya ABS ikizimika kwa tatizo la umeme, mafuta hayazibwi. Valvu zinazopeleka mafuta kwenye matairi zimetengenezwa zikae wazi zisipopata umeme, na unabaki na breki za kawaida kama za gari lisilo na ABS. Angalia kitu kimoja tu hapo kwenye dashibodi: taa ya njano ya ABS inawaka peke yake, au inawaka pamoja na ile nyekundu ya breki? Ikiwa zote mbili zinawaka wakati hendibreki imeshushwa na kopo la mafuta ya breki limejaa, basi hata ule mgawanyo wa nyuma umezimwa, na gari hilo liende polepole hadi gereji, si safarini.

Sasa hiyo taa. Upepo kwenye mabomba hauwashi taa ya ABS. Kompyuta ya ABS haina macho ya kuona upepo. Inachosoma ni sensa za matairi, zile zinazopima mwendo wa kila tairi, umeme wake, mota na valvu zake. Waya wa sensa ya tairi la mbele unapita jirani kabisa na mpira wa breki, mara nyingi umeshikwa kwenye vibanio vya hukohuko. Gari lako limefunguliwa mbele pande zote mbili, mpira umetolewa, kalipa zimening'inizwa, na taa imeanza kuwaka baada ya hapo. Mimi ningeanza na waya wa mbele kushoto: plagi yake imechomekwa hadi ikalia? Waya umevutwa ukakatika ndani ya ganda lake? Ncha ya sensa imejaa vumbi la chuma? Hata kalipa ikiachwa ining'inie kwa mpira wake, inaweza kuburuta waya huo. Mwenye mashine ya kusoma gari, ile inayoingia hadi kwenye ABS na si ile ndogo inayosoma injini tu, atakuambia ni tairi lipi kwa dakika chache.

Na hapa nampinga fundi wa pili kwa ushahidi wake mwenyewe. Taa ya ABS ikiwaka, kompyuta imejitoa kazini, na valvu zinazofungua vyumba vidogo vya ndani ya pampu ya ABS vinavyoweza kuficha upepo (nitavieleza mwishoni) hazifunguki kabisa. Basi tangu taa iwake, hakuna upepo mpya ulioingia humo, hata gari likitolewa upepo mara kumi.

Tuje kwenye upepo wenyewe.

Magari madogo yanayovutwa na matairi ya mbele kwa kawaida yamegawanywa breki zake kimshazari. Masta silinda ina vyumba viwili: kimoja kinalisha tairi la mbele kushoto pamoja na la nyuma kulia, kingine kinalisha la mbele kulia na la nyuma kushoto. Wamefanya hivyo ili njia moja ikipasuka, kama ilivyokukuta Mbande, ibaki nyingine yenye breki moja ya mbele na moja ya nyuma. Mpira wako uliopasuka ni wa mbele kushoto. Mwenzake ni nyuma kulia. Njia hiyo nzima ilimwaga mafuta na kunywa upepo kila ulipopampu ukitafuta breki, na hata kopo la mafuta ndani lina ukuta unaotenga pande hizo mbili, ndiyo maana unaweza kukuta upande mmoja mkavu na mwingine una mafuta. Halafu fundi akatoa upepo matairi ya mbele tu. Tairi la nyuma kulia halijaguswa hata mara moja! Hilo ni shimo la kwanza, na ningeweka dau hapo kabla ya mahali pengine popote.

Shimo la pili ni kalipa. Umesema alifungua zote mbili akazisafisha. Piga goti pale mbele, geuza usukani ili kalipa ionekane, utafute nipeli, ile skrubu ndogo yenye tundu inayofunguliwa kutoa upepo, mara nyingi ina kofia ya mpira mweusi. Iko juu ya kalipa au iko chini? Lazima iwe juu. Kalipa ya kushoto na ya kulia zinafanana kama mapacha, zikiwekwa sakafuni pamoja kwenye karai la petroli ni rahisi kurudishwa kila moja upande wa mwenzake. Zinaingia, bolti zinakaza, pedi zinakaa, gari linasimama. Ila nipeli imegeukia chini, na upepo unakaa juu kwenye kuba ya kalipa ambako hakuna tundu la kutokea. Unaweza kumaliza katoni ya mafuta ya breki hapo. Kila ukifungua nipeli yanatoka mafuta safi bila povu hata moja, fundi anaapa upepo umeisha, na pedeli inazama vilevile. Ukikuta nipeli iko chini, umepata mchawi wako, na dawa ni kuzibadilishana pande tu.

Ukiwa hapohapo, angalia bolti inayounganisha mpira mpya na kalipa. Ni bolti yenye tundu katikati, na inatakiwa kuwa na washa mbili za shaba, moja kila upande wa kichwa cha mpira. Washa za zamani zimeshabonyea. Zikirudishwa zinaweza kuvujisha kidogo sana, mafuta yanatoka ukikanyaga na upepo unaingia ukiachia. Pitisha kidole chini ya bolti. Kikiwa na unyevu, weka washa mpya. Ni kitu cha bei ndogo kuliko soda.

Baada ya hapo ndipo utolewe upepo upya, na utolewe vizuri. Naeleza kwa kirefu maana hapa ndipo muda mwingi unapopotea.

Nunua chupa mpya iliyofungwa, ya aina iliyoandikwa kwenye mfuniko wa kopo, kwa kawaida DOT 3, na DOT 4 yaweza kuchanganywa nayo bila madhara. Usitumie chupa iliyokaa kabatini imefunguliwa tangu mwaka juzi, hata kama imebaki nusu. Mafuta ya breki yananyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mpya haichemki mpaka nyuzi joto 205, lakini ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango kinaweza kushuka hadi 140. Ukiteremka Sekenke na abiria wanne na mizigo, mguu ukiwa kwenye breki, maji hayo yanageuka mvuke ndani ya kalipa, na mvuke unabonyea sawasawa na upepo. Watu wanadhani kwa kuwa Dodoma ni kukavu jambo hili haliwahusu. Maji yanapenya taratibu hata kwenye mipira yenyewe, ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Jambo jingine la kumwambia fundi wako bila kumwonea haya: asijazie oili ya injini wala ya usukani, hata kidogo. Oili ya namna hiyo inavimbisha sili zote za mpira, na hapo hakuna kutoa upepo, ni kubadilisha kila chenye mpira kuanzia masta silinda hadi tairi la mwisho.

Weka kipande cha ubao chini ya pedeli, unene wa vidole viwili hivi, ili isigonge sakafu. Kwenye matumizi ya kila siku sili za masta silinda zinasafiri sehemu ya mwanzo tu ya silinda. Kule mbele kunajijengea kutu na uchafu miaka yote hiyo. Ukikanyaga hadi mwisho mara hamsini kwa kutoa upepo, sili zinapita kwenye uchafu huo na kukatika. Kwa hiyo yule fundi wa tatu anaweza kuwa amekosea leo na akawa sahihi wiki ijayo, kwa sababu ya utoaji upepo wenyewe.

Jaza kopo, na liwe linaangaliwa na mtu asiye na kazi nyingine. Likikauka mara moja tu, mmeanza upya. Anza na masta silinda yenyewe kwa sababu ilikunywa upepo: legeza kidogo nati ya bomba inapotokea masta, zungushia kitambaa, mtu akanyage polepole, kaza kabla hajaachia, fanya kila bomba. Mafuta yakidondokea rangi ya gari mwagia maji mara moja, yanababua. Kisha nenda kwenye matairi. Kwa gari letu la usukani wa kulia, kama huna kitabu chake, anza na lililo mbali na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, malizia mbele kulia. Nipeli za nyuma zimekaa kwenye vumbi miaka mingi, tundu linaweza kuwa limeziba kwa tope lililokauka; lichokonoe kwa sindano kabla hujasema hakuna mafuta. Tumia spana ya ringi, namba 8 au 10, maana spana ya wazi inaviringa kichwa na nipeli iliyoviringwa ni kesi nyingine. Chomeka mpira mwembamba unaoonyesha ndani, hata ule wa dripu wa duka la dawa unafaa, na ncha yake izamishwe kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

Mtu wa ndani akanyage polepole, ashikilie. Ndipo wa chini afungue nipeli robo mzunguko, pedeli ishuke hadi kwenye ubao, nipeli ifungwe, na ndipo asikie "achia". Hesabu sekunde kadhaa kabla ya kukanyaga tena. Makosa makubwa ninayoyaona ni pupa: kupampu harakaharaka kama mtu anayejaza baiskeli upepo. Hapo povu kubwa moja linavunjwa kuwa mapovu madogo mengi yanayoelea kwenye mafuta na kugoma kutoka, na unapata pedeli nzuri jioni, mbaya asubuhi, kwa sababu usiku mapovu yameungana tena. Kama gari lina muda, iache nipeli wazi mafuta yadondoke yenyewe kwa uzito wake kwa dakika kumi, kopo likijazwa. Ni njia ya kizee na inafanya kazi sana kwenye njia iliyokauka kabisa kama yako. Wenye pampu ya kuvuta kwenye nipeli wajue kwamba mapovu madogo yasiyokwisha yanaweza kuwa yanaingia kupitia nyuzi za nipeli yenyewe, hayatoki kwenye bomba, yasiwatoe roho.

Pedeli bado si nzuri? Basi isikilize kwa mguu, injini ikiwa imezimwa. Kanyaga mara moja, uone inaishia wapi, kisha pampu mara tatu ushikilie. Ikipanda lakini ikabaki inadundadunda chini ya kiatu, huo ni upepo. Ikipanda ikawa ngumu kama jiwe, haina mdundo, na baada ya kuiacha inaanzia tena chini, hapo si upepo: kuna nafasi kubwa sehemu fulani inayohitaji mafuta mengi kuijaza. Kwenye gari lenye dram nyuma ni viatu vya breki vilivyo mbali na dram. Vuta hendibreki uhesabu milio; ikipita 9 kabla haijakamata, viatu vinahitaji kukazwa. Fungua dram, zungusha kile kigurudumu chenye meno mpaka dram iingie kwa kukwaruza kidogo sana, rudisha. Wewe mwenyewe uliandika kwamba ulisaidiwa na hendibreki siku ile, kwa hiyo inakamata, lakini hukusema inakamata kwenye mlio wa ngapi. Nafasi inaweza kuwa hata mbele, kama beringi imelegea na diski inazisukuma pedi nyuma kila unapokata kona.

Tabia ya tatu ni ya kukanyaga kwa nguvu ya wastani na kushikilia kama nusu dakika, injini ikiwa imezimwa, na pedeli ikateremka polepole yenyewe, huku hakuna mafuta yanayomwagika popote. Hiyo ndiyo dalili ya masta silinda iliyokatika sili. Ukiiona hiyo, mpe fundi wa tatu haki yake ukanunue. Usiichanganye na jambo la kawaida: ukishikilia pedeli kisha ukawasha injini, inashuka kidogo na kutulia, maana kisaidizi cha breki kimepata nguvu ya injini. Hiyo ni afya.

Ikiwa dalili zimechanganyika, kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi wote wa mafundi: kubana mipira. Kinatumika kibano maalumu chenye midomo ya mviringo, usitumie praizi tupu maana meno yake yanakata mpira ndani. Bana mipira yote ya matairi, kanyaga. Pedeli ikiwa ngumu na iko juu, masta silinda na pampu ya ABS hazina kosa, ugonjwa uko matairini. Achia kibano kimoja kimoja ukikanyaga kila mara. Tairi litakaloishusha pedeli ndilo lenye neno. Kwa gari lako natarajia iwe nyuma kulia au mbele kushoto, au zote mbili za mbele kama kalipa zimebadilishana pande. Nimeona gari likizungushwa gereji nyingi mjini, Majengo hadi Kizota, na kibano hicho kikatoa jibu kabla chai haijapoa. Tafadhali hilo lifanyike kabla pesa haijatoka mfukoni.

Mipira yote ikiwa imebanwa na pedeli bado laini, ndipo unatazama masta na pampu ya ABS, na zinatenganishwa kwa kuziba matundu ya kutokea ya masta kwa plagi zenye nyuzi zinazolingana. Pedeli ikiwa ngumu, masta ni nzima, na sasa, mwisho kabisa wa safari, nakubali kuishuku pampu ya ABS.

Ndani yake, pembeni ya njia kuu ya mafuta, kuna vyumba vidogo vyenye springi vinavyopokea mafuta pale tairi linapotaka kujifunga. Milango ya vyumba hivyo imefungwa muda wote, inafunguka ABS ikifanya kazi tu. Upepo unaopita njia kuu unatolewa kwa pedeli kama kwenye gari lolote. Ule ulioingia vyumbani hautoki kwa pedeli hata ukikesha. Jiulize: siku ile Mbande, kabla pedeli haijazama, ilitetemeka chini ya mguu ikitoa mlio wa kukwaruza? Kama haikutetemeka, vyumba vile havikufunguka, na sioni upepo ungeingiaje. Kama ilitetemeka, inawezekana.

Dawa yake ni mashine inayoweza kuamuru valvu na mota ya ABS zifanye kazi gari likiwa limesimama. Mtu anakanyaga pedeli, mashine inawasha pampu kwa sekunde chache, upepo unasukumwa hadi njia kuu, kisha unatolewa upepo kwenye matairi kwa kawaida, na mzunguko unarudiwa. Mota ipewe muda wa kupoa kati ya zamu. Uliza mapema kama mashine ya fundi inaingia kwenye ABS ya gari lako, usije ukalipia kusomewa injini.

Wako wanaofanya bila mashine, kwa kuifanya ABS ifanye kazi barabarani. Inawezekana, kwa masharti. Pedeli iwe tayari inasimamisha gari bila kupampu. Taa ya ABS iwe imezimika, kwa sababu ikiwaka ABS haifanyi kazi na utakuwa unaburuza matairi bure; ndiyo maana waya wa sensa unashughulikiwa kwanza. Pawe na njia ya vumbi, tambarare, hakuna nyumba, hakuna watoto wala mifugo, asubuhi na mapema. Kilomita 30 kwa saa zinatosha. Kanyaga kwa nguvu mpaka pedeli itetemeke, rudia mara chache, kisha rudi utoe upepo matairi yote manne. Gari ambalo pedeli yake bado inakwenda sakafuni lisitolewe nje ya geti kwa ajili ya hili.

Maelezo haya yote ni ya gari lenye kisaidizi cha kawaida cha breki kinachopata nguvu ya injini, kama IST yako. Kuna wasomaji wenye Prado zenye pampu ya umeme inayojaza nguvu ya breki, na wenye Toyota za haibridi. Hizo zina utaratibu wake, haibridi zinahitaji mashine tangu mwanzo, na Prado za namna hiyo hutoa mafuta kwa kasi nipeli ikifunguliwa swichi ikiwa imewashwa. Msifuate hatua zangu kwa magari hayo.

Ukimaliza, Mwalimu, kopo liwe kwenye alama ya juu, si zaidi. Geuza usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia, gari likiwa limeinuliwa na kukalia stendi, uone mpira mpya haujajinyonga na haugusi tairi wala springi. Washa injini, kanyaga kwa nguvu zote za mguu huku mtu akiangalia kila kiungo kilichofunguliwa. Halafu zunguka uwanjani kwa mwendo wa kutembea, mkono ukiwa kwenye hendibreki, ongeza kidogo kidogo, uhakikishe halivuti upande mmoja. Safari ya kwanza iwe hadi Mbande na kurudi. Ukifika nyumbani funua boneti uangalie tena kopo, na upitishe kidole chini ya ile bolti ya kalipa ya kushoto. Kikitoka kikavu na mafuta hayajashuka, nenda Dodoma.